Kulilia Filamu ya Anga

Ilianza Jumamosi, tarehe 17 Aprili 1993, saa tisa na robo alasiri. Muadhini wa msikiti wa juu alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti, kama anavyofanya kila siku kabla ya kuadhini, na mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya deki, nafuta kichwa chake kwa pamba na spiriti kwa sababu picha zilikuwa zinacheza. Mjomba, kaka yake mama, akaingia na mfuko wa dagaa. Yeye ni dereva wa lori, anakwenda Bujumbura na kurudi, na dagaa wa kule ndio zawadi yake ya siku zote. Siku zote pia huanza kwa kuitukana barabara, kisha matairi, kisha mimi, eti ulimi wangu niliusahau tumboni mwa mama. Jumamosi hakutukana chochote. Aliuweka mfuko sakafuni, akamwangalia baba aliyekuwa kwenye cherehani, akakaa.

Kabla sijaandika alichosema, niseme kwanza televisheni ilivyo nyumbani kwetu, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa tulichofanya.

Baba aliinunua kwa Mzaire mmoja aliyekuwa anahama. Rangi zake zimeegemea kijani, na kila mtu ndani yake anaonekana kama ametoka kuugua homa. Deki na kaseti tunakodi kwa kinyozi wa kona, wiki kwa wiki. Kinyozi ana aina tatu tu: za kupigana, za Kihindi na za anga. Za kupigana sina maoni juu yake, zinaanza na kofi na kwisha na kofi.

Za Kihindi ni za mama. Anazipenda kwa sababu zinamliza. Husema filamu isiyoliza ni mchuzi usio na chumvi. Na hapa Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, karibu wanawake wote wako hivyo. Mtu akiweka filamu ya Kihindi kilio kinasikika mpaka barabarani, na mpita njia haulizi kuna nini, anauliza ni filamu gani. Mimi nimezitazama nyingi na bado sizielewi. Mtu amepigwa risasi tatu lakini pumzi ya kuimba anayo. Mvua inasubiri wapendanao wafike chini ya mti ndipo inyeshe. Mama akilia mimi natazama pembeni, naona haya kwa niaba yake, naye hunitupia mto akisema nilizaliwa na jiwe mahali pa moyo.

Mimi napenda za anga. Tangu Desemba ya mwaka juzi kinyozi ana mfululizo mmoja, kaseti tano, umetiwa sauti ya Kifaransa juu ya lugha ambayo siijui, na midomo yao haifuatani na maneno. Ni habari za chombo kinachotafuta nyota yenye maji. Ndani yake kuna nahodha mwenye mvi, daktari mwanamke asiyecheka, na kijana rubani. Ninachokipenda ni kwamba wanafika kwenye nyota wasiyoijua na hakuna kamba iliyofungwa kukata njia, hakuna anayewaambia wapange mstari watoe vitambulisho. Wanashuka tu, wanasalimia. Kaka yangu alisema hapo ndipo unapojua kwamba ni uongo.

Baba anachotazama ni nguo. Nguo zao zote ni kipande kimoja, hazina vifungo, hazina zipu, hazina mshono, na kila jioni huuliza upya huyu aliingilia wapi, na akibanwa na haja anafanyaje. Mama anatazama ukuta unaotoa chakula. Ukibonyeza, sahani inatoka, imejaa, ya moto. Alisema tumuulizie bei ya ukuta huo.

Kosa kubwa ninaloliona mimi ni jingine. Yule rubani ameondoka kwao akiwa kijana mdogo kabisa, na katika kaseti zote tano hatujaonyeshwa mama yake hata mara moja. Hatajwi. Ni kama rubani alishonwa pamoja na ile nguo. Nadhani waliotunga wanajua kwamba wakimwonyesha mama yake mara moja tu, hakuna mtu atakayejali tena nyota wala maji.

Aliyekuwa anatafsiri nyumbani ni kaka. Baba na mama hawajui Kifaransa, kwa hiyo kaka alikaa kwenye mkeka karibu na kioo, akayageuza yote kuwa Kiswahili, na uongo mwingi ndani yake. Nahodha alimpa sauti ya kinyozi. Daktari alimpa maneno ya mama, yale ya nani amemaliza sukari. Mimi niliyesoma Kifaransa kama yeye nilijua hayamo, lakini nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Aliondoka Agosti mwaka jana. Hakuaga. Asubuhi tulikuta kitanda kimetandikwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake, na mama alipokiona kitanda akajua. Anayeuliza tunamwambia yuko Bujumbura, amepata shule. Ukweli ni kwamba alivuka mpaka, akaenda kujiunga na wale waasi wanaopigana kaskazini. Baba alishafungwa mara moja, ule mwaka wa tisini, pamoja na watu wengi, kwa kudhaniwa tu kwamba ana ndugu upande ule. Alikaa miezi, akarudi na mkono wa kushoto usioinuka vizuri, na ndiyo maana sasa hashoni makoti. Safari hii isingekuwa kudhaniwa. Na jirani ambaye ukuta wake ndio ukuta wetu, mume wake ndiye mkuu wa seli, mjumbe wa serikali hapa mtaani. Kazi yake ni kujua nani amelala kwa nani, na nani hayupo.

Kaka alipoondoka nikawekwa mimi kwenye mkeka. Mimi ambaye shuleni nikiitwa kusoma mbele ya darasa huona afadhali niandikiwe sifuri. Natafsiri ukweli mtupu, kwa sauti ya chini, na baba husema, sema tusikie, unamnong'oneza sisimizi?

Haya. Mjomba alikaa, akavua kofia. Baba aliendelea kukanyaga cherehani. Mjomba akasema, "Shemeji, kijana wetu hatunaye."

Kisha akaeleza kwa maneno machache, macho yake yakiwa kwenye ule mfuko wa dagaa. Ilikuwa Februari, katika mapigano yale makubwa. Wenzake walimzika hukohuko. Aliyeleta habari Bujumbura alikuwepo, aliona kwa macho yake, kwa hiyo tusijidanganye. Baba hakuacha kukanyaga. Uzi ulikuwa umekatika, sindano ikawa inatoboa kitambaa tu, matundu yakafuatana mpaka kitambaa kikaisha.

Mama alikuwa uani anafua. Baba akamwita kwa jina lake. Siku zote humwita mama watoto, kwa hiyo mama aliingia huku mikono ina povu, akimwangalia. Sijui nani alimwambia. Labda hakuna. Nilisikia tu sauti yake ikianza, siyo sauti ya filamu, na baba akamwekea kiganja mdomoni. Akamwambia polepole, mke wangu, ukuta. Mjomba akaenda kufunga mlango. Baba akamwambia aufungue, kwa sababu mtaani kwetu mlango ukifungwa mchana kila mtu anajua kuna msiba au kuna ugomvi. Ukabaki wazi na pazia lake. Mama alikuwa anatetemeka chini ya mkono wa baba, na mimi niliona kwamba mkono hautatosha.

Ilikuwa Aprili. Kila siku wiki ile mvua ilipiga mabati mpaka huwezi kusikia jina lako. Jumamosi hakukuwa na wingu.

Baba akanigeukia. "Washa televisheni," akasema. "Weka ile ya kulia."

Nilimwambia hatuna. Wiki ile nilichagua mimi, zote ni za anga.

Akafumba macho kidogo. "Basi weka hiyo. Ongeza sauti."

Sikuchagua kaseti, nilisukuma iliyokuwa tayari ndani ya deki. Mjomba akavaa kofia, akatoka, na pale mlangoni akapaza sauti ili mtaa usikie, akacheka, akasema dagaa hao tusiwakaange peke yetu, tumbakishie. Nilimsikia akisalimiana na watu njia nzima. Sijui alilia wapi yeye.

Kipindi kilichotokea ndicho kipindi cha kuchekesha kuliko vyote. Chombo kinashuka kwenye nyota yenye watu wa masikio marefu, masikio ya udongo ambayo yana nyufa ukitazama vizuri. Watu hao wanacheka muda wote. Nahodha anapoteza kiatu kwenye matope, mzee wao anakiokota, anakiweka kichwani, anaanguka chali kwa kicheko, na kijiji kizima kinamfuata kukimbiza kiatu. Kaka alikipenda kupita kiasi. Alikuwa anairudisha kaseti pale pa kiatu mpaka baba anatishia kumfukuza.

Sasa vicheko vile vikajaa chumbani, na baba akautoa mkono wake mdomoni mwa mama.

Siandiki mama alivyolia. Naandika tu kwamba mara ya kwanza maishani mwangu sikutazama pembeni.

Hatukukaa sana. "Hodi," nikasikia, na pazia lilikwisha kufunguka. Jirani, mke wa mkuu wa seli. Yeye husema hodi akiwa ameshaingia. Ni tabia yake, na mama huwa anamtania kwamba siku moja atatukuta uchi. Alikuwa ameshika mwiko, ametoka jikoni kwake. Akamwona mama sakafuni, kanga imemvuka kichwani.

"Jamani," akasema, "kilio gani hiki? Nani amekufa?"

"Ni filamu," baba akajibu. Alisema haraka mno.

Jirani akaitazama televisheni. Mzee wa masikio alikuwa anagaagaa, kiatu kichwani, watu wanajishika matumbo. Akamtazama mama. Akaitazama tena televisheni.

"Filamu hii? Hawa wanacheka na nyinyi mnalia?"

Mama alizidi kulia. Nikaona mkono mbovu wa baba umeshika ukingo wa cherehani. Ninajua mawazo yake yalikwenda wapi, kwa sababu yangu yalikwenda hukohuko: jirani atarudi kwake na mwiko wake, atamwambia mumewe kwamba fundi na mkewe wanalia mbele ya vichekesho, na mumewe atauliza yule kijana wao aliyeko Bujumbura anasoma shule gani.

"Kwao kucheka ndiyo kulia," nikasema.

Jirani akanigeukia. "Ati?"

"Kwenye nyota yao. Wakifiwa wanacheka. Ndiyo maana inauma, kwa sababu sisi tunajua."

Akaniangalia kama anavyomwangalia muuza nyama akiwa anapima. Halafu akavuta stuli, akakaa, mwiko mapajani. "Leo bubu umepata ulimi," akasema. "Haya, nisimulie. Huyo mzee ana nini?"

Nikamsimulia. Nilikaa kwenye mkeka, nimeipa televisheni ubavu, nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele ya mtu wa nje. Nilisema kiatu kile ni cha mwanawe. Nilisema mwanawe aliondoka alfajiri bila kuaga, akatandika kitanda, akaenda nyota ya mbali, akafia huko, na hawa wageni ndio wamekileta kiatu kwa sababu hakuna kingine cha kuleta. Jirani akauliza mbona wanakimbizana. Nikasema kila mtu anataka kukishika mara moja. Akauliza mama yake yuko wapi. Nikatafuta kwenye kioo, nikamwona mwanamke mmoja wa masikio aliyekaa kando, amejifunika ndoo kichwani, sijui waliotengeneza walikusudia nini. Nikasema ni yule. Amejifunika ili wasimwone uso.

"Kwa nini wasimwone? Si wamuwekee matanga, watu wakae naye?"

"Mfalme wa nyota yao amekataza," nikasema. "Waliokwenda kule hawaliliwi."

Baba akakohoa. Nilijua nimekwenda mbali, na neno lilikwisha kutoka. Kwenye televisheni kicheko kiliendelea, kikubwa, cha kijiji kizima. Jirani aligeuza mwiko mapajani, upande huu, upande ule. Nilitazama mikono yake kwa sababu uso sikuweza.

"Mfalme mbaya huyo," akasema mwishowe.

Akashuka kwenye stuli. Akakaa sakafuni karibu na mama, akampandishia kanga kichwani, akamwekea mkono mgongoni. Halafu akalia na yeye. Alilia kwa sauti ya juu kuliko ya mama, sauti iliyotoka nje mpaka barabarani, na nilisikia mtu akipita akiuliza wanatazama filamu gani leo kwa fundi, na mwingine akicheka. Hajawahi kutuambia chochote cha kwake, mke wa mkuu wa seli. Najua tu, kwa sababu mtaa unajua, kwamba alizika watoto wawili kabla ya huyu mmoja aliye naye.

Kaseti ilipokwisha, kioo kikabaki chembechembe nyeupe na mvumo. Hakuna aliyeinuka kuzima. Jirani akajifuta uso kwa kanga ya mama, akaokota mwiko wake. Mlangoni akasimama.

"Kaseti hiyo msiirudishe bado," akamwambia baba. "Filamu kama hii inataka siku tatu. Mume wangu akiuliza, nitamwambia nimeiona."

Baba akamwambia ahsante, jirani.

Sijui anajua nini. Nimeipindua nikaipindua. Siku tatu ndizo siku za matanga, mtoto yeyote wa Biryogo anajua hivyo. Lakini mtu anaweza pia kusema siku tatu kama anavyosema siku mbili au wiki. Nilimuuliza baba, akasema nile.

Hatukula. Baada ya magharibi baba alifunga mlango, sasa ilikuwa halali kuufunga, akatupanga nyuma yake, mama na mimi, tukamsalia kaka bila jeneza mbele yetu. Swala ya maiti haina kurukuu, unasimama tu. Nilikuwa naogopa kwamba nitaona kiatu kichwani mwa mzee. Nilikiona.

Maoni yangu juu ya kipindi kile siwezi kuyatoa tena. Zamani ningesema ni chepesi, kimewekwa kupumzisha watu kati ya vipindi vya hatari, na masikio yametengenezwa ovyo. Bado yametengenezwa ovyo. Ila sasa nikijaribu kukumbuka walichokuwa wanasema hasa kwa Kifaransa, hakiji. Kinachokuja ni nilichokisema mimi, na nyuma yake, kwa mbali, kile alichokuwa anakisema kaka, sauti ya kinyozi ikidai kiatu chake. Cha kaka ndicho kinachofifia, na hicho ndicho ninachotaka kukishika.

Jana, Jumapili, asubuhi nilikwenda bombani. Kwa kawaida natangulia kabla watu hawajawa wengi, nijaze nirudi bila kusalimiana na zaidi ya mmoja. Jana niliamka nimechelewa na mstari ulikuwa mrefu. Jirani alikwisha kupita. Walikuwa wanaongea habari ya filamu iliyomliza mpaka akaunguza maharage, yeye ambaye hata za Kihindi humcheka mtu anayelia. Mwanamke mmoja muuza maandazi akaniona. Akasema huyu hapa mtoto wa fundi, ndiye mtafsiri, msimuache apite.

Niliweka jerikani chini. Nilifikiria kusema kaseti imeharibika, na nikafikiria kukimbia. Halafu nikamfikiria mama, ambaye zaidi ya jirani hakuna mtu aliyekuja kukaa naye, hakuna aliyepika, hakuna aliyemwambia neno.

Nikasimulia. Nilianza pale kitanda kinapotandikwa. Sikusema nyota ni gani. Nilisema alikuwa kijana mwenye maneno mengi, anayemwigiza kila mtu, na kwamba nyumba yao ilinyamaza alipoondoka. Nilieleza uhodari wake wa kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja, jambo ambalo hata kwa jirani sikulisema. Maji yalijaa kwenye jerikani ya mtu, yakamwagika, akasahau kufunga bomba mpaka tukalowa miguu. Walimuuliza mama yake alifanyaje. Nikasema alikaa na ndoo kichwani.

Muuza maandazi akasema pole yake, mama wa watu. Msichana wa nyumba ya kijani akasema na yeye pole. Mwingine akasema Mungu amtie nguvu. Wakasema wote, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopita mbele ya mfiwa, ingawa mwenyewe hayupo. Bibi mmoja aliyekuwa anafuata zamu bombani, ambaye sikujua kama alikuwa anasikia, akanishika kiganja na kusema "Mwihangane," neno letu la kuambiana vumilieni penye msiba. Kisha akaniambia nijaze maji yangu, anipishe nafasi yake.

Nilirudi na jerikani bila kuitua njiani. Mama alikuwa amekaa kitandani kwa kaka, hajafunga hata kanga. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia wote waliosema pole, nani alisema nini, kwa mpangilio waliokuwa wamesimama. Alipenda nirudie ya yule bibi. Nikarudia. Halafu nikaenda kuwasha moto, nikabandika maji ya chai, na nilipomsikia anaanza tena kulia, nikatoka jikoni mbio kwenda kuwasha televisheni.